Fahamu: Maisha ya raia aliyezama na Lusitania hufuatiliwaje?

Lusitania, meli ya abiria ya Uingereza iliyopigwa na nyambizi ya Ujerumani tarehe 7 Mei 1915 karibu na pwani ya kusini mwa Ireland kwa topido, yaani bomu linalojisukuma lenyewe chini ya maji, ilizama kwa takriban dakika 18, na karibu watu 1,200 wakafa, wengi wao wakiwa raia.

Mtafiti huanza na orodha ya abiria, kisha huilinganisha na orodha ya maiti zilizoopolewa, ambazo nyingi zilipewa namba mjini Queenstown, leo Cobh, kabla ya kuzikwa. Hazina iliyo nono zaidi, hata hivyo, ni majalada ya tume ya madai iliyoundwa na Marekani na Ujerumani mwaka 1922, ambamo warithi wa Wamarekani waliokufa walieleza umri, kazi na kipato cha marehemu wao. Tume hiyo ilipima hasara ya walioachwa, wala si thamani ya uhai wenyewe. Kwa hiyo tajiri mwenye wategemezi aliacha jalada nene, ilhali kijakazi asiye na mdai, tena asiye Mmarekani, huenda akabaki mstari mmoja tu orodhani.