Alitundika daluga, hakuacha jasho

Muulize mchezaji yeyote wa raga ya ligi ni wapi pagumu uwanjani, atakuonyesha katikati. Hapo ndipo wanapogongana wanaume wa kilo 100 na zaidi, na hapo ndipo Jon Clarke alipojipatia riziki kwa zaidi ya miaka 15. Alikuwa huka, yaani mchezaji wa hapo katikati, na alivaa jezi za Wigan, London Broncos, Warrington na Widnes, pamoja na zile za England na Uingereza Kuu.

Raga tuliyoizoea Nairobi ni ile ya wachezaji 15, au saba kwa saba. Ya ligi ni ndugu yake, lakini ndugu aliyeondoka nyumbani kwa hasira. Tarehe 29 Agosti 1895, klabu za kaskazini mwa Uingereza zilikutana katika hoteli ya George, Huddersfield, zikajitenga. Wachezaji wao walikuwa watu wa migodini na viwandani. Kucheza Jumamosi kulimaanisha kukatwa ujira, na wakubwa wa raga walikataa wasifidiwe. Wigan, Warrington na Widnes zilikuwa miongoni mwa waasisi. Mwaka 1906 idadi ya wachezaji ikapunguzwa hadi 13, na nafasi ya kukimbia ikaongezeka.

Uchache huo ndio unaomaliza pumzi. Timu ina nafasi sita za kuangushwa na mpira, kisha inaukabidhi kwa wapinzani. Kila anapoangushwa mwenzake, huka hukimbilia mpira unaorudishwa kwa mguu, akaamua kwa kufumba na kufumbua: apige pasi au achomoke nao. Timu yake inapolinda, husimama katikati, humwangusha anayekuja, huinuka, hurudi nyuma mita 10 pamoja na wenzake, kisha husogea mbele kumkabili anayefuata. Si ajabu huka mmoja kuangusha wapinzani mara 40 katika dakika 80.

Clarke aliishi maisha hayo miaka mingi pale Warrington, na alikuwa mchezaji wa klabu hiyo mwaka 2009 ilipotwaa Kombe la Challenge kwa kuifunga Huddersfield 25-16 Wembley, baada ya kulisubiri kwa miaka 35. Kisha akahamia Widnes, iliyorejea ligi kuu mwaka 2012. Hapo ndipo alipotundika daluga, na hapo hapo akashika kazi ya kusimamia mazoezi ya viungo.

Watu wengi hudhani kocha wa viungo ni mtu wa kupuliza filimbi na kuwakimbiza wenzake hadi watapike. Kazi yenyewe ni ya hesabu na subira. Kila mchezaji huvaa kifaa kidogo mgongoni kinachopima kwa setilaiti umbali aliokimbia na kasi yake. Kocha husoma takwimu hizo, akajua nani aongezewe vyuma, nani apunguziwe mbio, na nani apumzishwe kabla msuli haujachanika. Aliyeumia goti hupitia mikononi mwake kabla ya kurudi uwanjani. Mtu aliyewahi kuuguza mwili wake mwenyewe husikiliza tofauti mchezaji anaposema, "Kocha, leo siko sawa."

Elimu hiyo ilimvusha Clarke ukuta wa mwaka 1895. Katika Kombe la Dunia la 2019 nchini Japani, kijana huyu wa ligi ndiye aliyekuwa mkuu wa nguvu na stamina wa timu ya England ya wachezaji 15. Oktoba 26, mjini Yokohama, England iliipiga New Zealand, mabingwa wa 2011 na 2015, pointi 19-7 katika nusu fainali. Aliyeitazama mechi hiyo aliona timu iliyowatangulia mabingwa kwa kila hatua tangu dakika ya kwanza.

Wiki moja baadaye, Afrika Kusini iliifunga England 32-12 katika fainali. Dakika za mwanzo tu, Kyle Sinckler, mhimili wa safu ya mbele, aligongwa kichwa akatoka, na England ikazidiwa nguvu katika skramu. Miezi ya maandalizi haina kinga dhidi ya pigo moja. Kocha wa viungo hujenga mwili. Mchezo wenyewe huamuliwa na mengine mengi. Anayelijua hilo na bado akaamka alfajiri kufungua jimu ni mtu wa kuheshimiwa.

Kwetu, wachezaji wengi hustaafu wakiwa hawajafika miaka 35, na elimu waliyoilipia kwa mifupa yao hupotea mtaani. Klabu na vyama vya michezo, wapelekeni darasani wakiwa bado wanacheza. Wafundisheni anatomia, lishe na usomaji wa takwimu, ili siku daluga zitakapotundikwa, kazi iwe inawasubiri. Nawe mchezaji unayesoma haya, usingoje goti likuambie. Anza kujifunza msimu huu.