Kati ya Galaksi si Patupu

Katikati ya Mei, yapata saa tatu usiku, umeme ukikatika hapa Chikongola, toka uani uinue macho upande wa kaskazini. Kule kwenye kundinyota la Mashuke kuna galaksi zaidi ya 1,000 zilizokusanyika kama jumuiya, umbali wa zaidi ya miaka milioni 50 ya nuru. Kwa macho huoni hata moja. Kwa darubini ndogo utaona vidoa vyenye ukungu, na kati ya kidoa na kidoa, giza tupu.

Kisha, tarehe 12 Desemba 1970, Waitaliano walirusha setilaiti ya Wamarekani kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, katika bahari hii hii yetu. Siku hiyo Kenya ilikuwa inaadhimisha uhuru wake, basi setilaiti ikaitwa Uhuru, kwa Kiswahili. Kazi yake ilikuwa kupokea eksirei za angani, miali kama ile ya kupigia picha mifupa hospitalini, ambayo hewa yetu huizuia isifike chini. Ikaonyesha kwamba makundi ya galaksi, hili la Mashuke likiwamo, hutoa eksirei hata katika nafasi iliyo kati ya galaksi. Mahali palipoonekana patupu pamejaa gesi yenye joto la mamilioni ya nyuzi. Ni hafifu mno, lakini ukiijumlisha yote ni nzito kuliko nyota zote za galaksi zile.

Usiharakishe kusema gesi ile ni Mungu. Mapadre tunaohubiri hivyo tunaikosea sayansi, na Injili pia. Mimi nachukua dogo tu: macho yangu yakisema "hakuna kitu", yamesema habari za macho yangu.

Nayasema haya kwa sababu ya mama mmoja wa hapa. Mwanawe alivuka Ruvuma kutafuta riziki Msumbiji; huu mwaka wa tatu, hakuna simu wala salamu. "Padre," aliniambia, "nikisali naona patupu." Sikumsimulia setilaiti, mwenye uchungu hapewi somo. Nilimfungulia Zaburi ya 88, ile inayoishia gizani, ambayo sisi mapadre huisali kila Ijumaa kabla ya kulala.

Alikuja kuandikisha nia ya misa, akauliza amwandike mwanawe kati ya walio hai au kati ya marehemu.

"Mama, andika jina tu."

Akaliandika. Litasomwa leo, misa ya kwanza.