Lugha ya Matoleo: Kiswahili na Lugha za Nyumbani katika Sharika za Mbeya na Iringa

Mtu akihudhuria ibada ya Jumapili katika kanisa la kijijini huko Rungwe au Kilolo, hatachelewa kutambua ya kwamba kanisa lile lina lugha mbili, na ya kwamba kila lugha imepewa kazi yake. Biblia husomwa kwa Kiswahili. Wimbo wa wazee huimbwa kwa Kinyakyusa au Kihehe. Matangazo ni ya Kiswahili. Na maombi ya mama aliyefiwa hurudi tena katika lugha ya nyumbani, ambamo Mungu huitwa Kyala kwa Wanyakyusa, na Nguluvi kwa Wahehe na Wabena. Katika makala haya nataka kutazama sehemu moja tu ya maisha hayo, yaani utoaji, kwa kuwa hapo ndipo mgawanyo wa lugha uonekanapo waziwazi, na hapo pia ndipo uletapo madhara.

Kwanza historia, kwa ufupi. Wamoravian na wamisionari wa Berlin waliingia Unyakyusa mwaka 1891. Walihubiri kwa lugha ya wenyeji, na Agano Jipya la Kinyakyusa likatokea mwaka 1908. Biblia ya Muungano ya Kiswahili haikukamilika hata mwaka 1952. Kwa hiyo wazee wa Rungwe walikuwa na Neno katika lugha yao zaidi ya miaka arobaini kabla ya kitabu hicho, ambacho leo ndicho kitumiwacho zaidi katika makanisa haya. Kiswahili kilikuja pamoja na shule, serikali, na daftari. Na daftari ndilo lililokipa utawala katika mambo ya fedha.

Tuyatazame maneno yenyewe. Walutheri husema usharika, Wamoravian husema ushirika, Wakatoliki wana parokia na kigango. Maneno mawili ya kwanza ni ndugu, yote yametokana na mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kushirikiana. Na ni jambo la kuchekesha kidogo ya kwamba mzizi huohuo, katika elimu ya dini ya Kiislamu, ndio uliozaa shirki, yaani dhambi ya kumshirikisha Mungu na kitu kingine. Hali ni hiyo katika sadaka na zaka: maneno ya pwani, yaliyopita kwanza katika vinywa vya Waislamu, sasa yanatamkwa kila Jumapili juu ya milima ya Iringa bila mtu kukumbuka safari yake. Karl Roehl, ambaye Biblia yake nzima ilichapwa mwaka 1937, alijaribu kuyapunguza maneno ya Kiarabu. Lakini watu hawakuacha kusema sadaka.

Hata hivyo sadaka ya bahasha, yenye namba na jina la mtoaji, si sehemu ya utoaji iliyo hai zaidi. Iliyo hai zaidi ni mnada. Ibada ikiisha, watu husimama nje, na vitu vilivyoletwa na wasio na fedha taslimu hutolewa mmoja mmoja: kuku, mkungu wa ndizi, debe la mahindi, viazi, mayai mawili katika kikapu. Mwenye kunadi hutaja bei kwa Kiswahili, naye mzee asiyezungumza Kiswahili siku sita za juma hujibu, “Elfu tatu!” Lakini baina ya bei na bei huwapo maneno mengine, nayo hayasemwi kwa Kiswahili. Shemeji humchokoza shemeji yake, mtani humuuliza mtani kama ng’ombe wake wote wamekufa, na kicheko hicho ndicho kipandishacho bei. Mayai mawili yakisha kununuliwa kwa bei ya kuku, mnunuzi huyarudisha yakanadiwe tena. Mwishowe husikika “ndaga”, shukrani ya Kinyakyusa. Nimewasikia vijana wa mjini Mbeya wakisema “asante” mahali hapo, na sidhani kuwa wazee waliona ni kitu kilekile.

Kwa hiyo Kiswahili huomba na kuhesabu, bali lugha ya nyumbani hutania na kushukuru. Mpango huu ungekuwa mzuri kama usingekuwa na jambo la tatu, yaani kutoa hesabu. Katika usharika mmoja wa Uhehe, ambao sitautaja, nilisikia taarifa ya ujenzi ikisomwa: mapato, matumizi, salio, bakaa, deni la mabati. Bibi mmoja aliyekaa mbele yangu, ambaye kuku wake nilimwona akinadiwa, alimgeukia mjukuu wake akauliza kwa Kihehe kama nyumba imekwisha kuezekwa. Mjukuu hakujua “bakaa” ni nini. Wala sikumlaumu, ni neno la wahasibu.

Mambo huongezeka ugumu pale ambapo lugha ya tatu inaingia. Tangu mwaka 1987 Dayosisi ya Iringa ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri ina uhusiano na sinodi ya Saint Paul huko Minnesota, Marekani, nao huitwa kwa Kiswahili hata huko ng’ambo: Bega kwa Bega. Jina ni zuri. Lakini ombi la fedha huandikwa kwa Kiingereza, huelezwa katika baraza la wazee kwa Kiswahili, kisha hufika kwa bibi yule kwa Kihehe, kama likifika.

Nilipokuwa mwanafunzi Uingereza nilipata kukaa Wales, nchi iliyopata Biblia kamili ya Kiwelisi kwa kazi ya William Morgan mwaka 1588. Niliona karatasi ya matangazo ya kanisa imechapwa kwa lugha zote mbili, hata hesabu ya chai na maandazi yaliyouzwa kwa ajili ya paa. Hapo awali nilidhani ni upotevu wa karatasi.

Nilipourudia usharika ule wa Uhehe baada ya mwaka, mtunza hazina alikuwa ameanza kueleza kwanza kwa Kihehe kilichonunuliwa na kilichobaki, ndipo asome tarakimu kwa Kiswahili. Ibada ilizidi kwa robo saa. Vijana wa kwaya walinung’unika. Na bibi yule, ambaye safari hii alileta bata, aliinua mkono akauliza misumari ilinunuliwa wapi.