Je, Wajua? Gari la maiti la zamani hukaguliwa kuanzia uvunguni

Je, wajua kwamba gari la maiti lililoundwa miaka ya 1960 haliwezi leo kuteremshwa katika bandari ya Kilindini na kupewa namba za Kenya? Kanuni ya KS 1515:2000 ya shirika la viwango, KEBS, hukataa gari kuukuu lililopita miaka minane tangu mwaka liliposajiliwa mara ya kwanza. Usukani wa kushoto nao hauruhusiwi, isipokuwa kwa magari ya kazi maalumu kama ambulansi na ya zimamoto. Zile Cadillac ndefu za Marekani tunazoziona kwenye filamu hukwama basi mara mbili, kwa umri na kwa usukani.

Mkazi wa Ganjoni aliyeonyeshwa gari refu jeusi kwenye ua wa gereji, vioo vikubwa ubavuni, upande mmoja unang'aa rangi mpya na mwingine bado ni praima ya kijivu, amekwisha kuambiwa jambo kubwa kabla hajagusa mlango. Gari hilo halikuja juzi. Limo nchini kwa miongo kadhaa, na kila mahali lilipokuwa katika miaka hiyo pameliachia alama. Kazi ya mnunuzi ni kuzisoma alama hizo kabla rangi haijamaliza kuzifunika. Ndiyo maana mimi hushikilia kwamba gari lililotengenezwa nusu ni gumu kukagua kuliko lililooza waziwazi. Lililooza halifichi kitu.

Anza na chumvi. Ganjoni iko upande wa kusini wa kisiwa cha Mombasa, Kilindini na Mbaraki ziko karibu, na upepo wa kusi unapovuma kuanzia Aprili hivi, unyevu wenye chumvi huingia kila mahali, hata ndani ya gari lililofunikwa turubai. Kutu ya pwani haianzii pale jicho linapoangalia. Huanzia ndani ya mabomba ya pembeni chini ya milango, ndani ya mapaja ya chasisi, na chini ya ile sakafu ya mbao ambayo sanduku la maiti huteleza juu yake. Kama gari lilikuwa likivuka Likoni kwa feri, maji ya bahari yamelirukia uvunguni kila maji yalipojaa kwenye kipandio. Mwombe fundi aliinue kwa jaki pande zote mbili, shika bisibisi, gonga polepole. Chuma kizima hulia. Kilichokufa hutoa sauti butu, na bisibisi huzama.

Watu wengi huenda na sumaku, na ni ushauri mzuri: isiposhika, chini ya rangi kuna puti nene. Lakini je, wajua kwamba kwenye gari la maiti sumaku inaweza kukudanganya? Magari haya hayakutoka kiwandani yakiwa kamili. Kiwanda kiliuza chasisi, injini na uso wa mbele, kisha mafundi wa bodi walijenga sehemu ya nyuma kwa mkono, na mara nyingi walitumia bati la alumini. Sumaku haishiki alumini hata ikiwa nzima kabisa. Hapo tafuta kitu kingine: unga mweupe au malengelenge pale bati la alumini linapokutana na skrubu au fremu ya chuma. Metali mbili tofauti zikigusana penye maji ya chumvi, moja huliwa na nyingine hubaki, na inayoliwa hapo ni alumini. Ukiona fundi ametoa skrubu za zamani na kurudisha za chuma cha kawaida bila kuweka kizuizi cha mpira katikati, jua kazi hiyo itarudiwa.

Ndani ya bodi za zamani zaidi kuna mbao. Waundaji wa Uingereza walijenga mifupa ya nyuma kwa mti uitwao ash, mgumu na unaopindika bila kuvunjika, wakaufunika kwa bati. Kwao adui ni uozo. Kwetu kuna uozo na mchwa. Fungua mlango wa nyuma, ushike kwa mkono mmoja, uunyanyue. Ukicheza juu na chini, huenda bawaba zimechoka, na hilo si tatizo kubwa. Huenda pia nguzo ya mbao inayozibeba imegeuka vumbi, na hilo ni tatizo la kuvunja bodi yote. Toa kipande cha kitambaa cha ndani, piga tochi, nusa. Mbao zenye unyevu zina harufu yake, na hakuna dawa ya kunukisha gari inayoweza kuificha kwa muda mrefu.

Vioo ni habari njema kuliko watu wanavyodhani, ikiwa gari ni la zamani vya kutosha. Kioo cha ubavu kilichonyooka hukatwa na duka lolote la vioo mjini, ukitaka cha tabaka mbili kisichomwagika vipande. Kilichopinda ni habari nyingine. Hakuna ghala linaloweka akiba ya kioo kilichopindwa kwa ajili ya bodi iliyojengwa kwa mkono miaka hamsini iliyopita. Kama kimoja kimepasuka, usikubali ahadi ya muuzaji kwamba kitapatikana. Hesabu bei kana kwamba hakitapatikana kamwe.

Gari gani lenyewe? Katika nchi zilizotawaliwa na Uingereza yapo majina yanayojirudia. Austin Princess ndefu, iliyoundwa kuanzia 1952 hadi 1968 ikiwa na injini ya lita nne ya silinda sita, ilikuwa chaguo la kawaida la watengenezaji wa magari ya maiti. Mwanamuziki John Lennon mwenyewe alikuwa na moja ya 1956. Baadaye ikaja Daimler DS420, 1968 hadi 1992, yenye injini ya Jaguar ya lita 4.2. Mwili wa Princess Diana wa Uingereza ulipopitishwa London mwaka 1997 kuelekea kaburini, gari la aina hiyo ndilo lililoubeba baada ya ibada.

Kwetu, gari la kawaida la kugeuzwa lilikuwa Peugeot. Stesheni wagoni ya 504 ina urefu wa mita 2.9 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, dhidi ya mita 2.74 za saluni, na nyuma inakaa juu ya ekseli moja nzima na springi za koili. Sanduku na maiti ni mzigo mdogo kwake. 504 ilishinda mbio za Safari mwaka 1975 na 1978, na 404 kabla yake ilishinda mara nne, 1963, 1966, 1967 na 1968. Uunganishaji wa 504 nchini Kenya uliendelea hadi 2004. Kwa hiyo nikiulizwa na mtu wa Mombasa achague kati ya Daimler inayong'aa na Peugeot iliyochakaa, nitasema Peugeot bila kusita. Spea zake bado zinajulikana, na mafundi walioiva nazo bado wapo.

Je, wajua kwamba petroli yenyewe imebadilika chini ya miguu ya magari haya? Hadi mwishoni mwa 2005 kituo cha mafuta Mombasa kiliuza petroli yenye risasi. Risasi ile ilikuwa sumu kwa watoto na kwa sisi sote, na kuondolewa kwake ilikuwa hatua ya haki. Lakini ilikuwa pia ikipaka utando laini pale vali zinapokalia. Injini ya zamani yenye kichwa cha chuma cha kusubu, kama ile ya Princess, ambayo viti vya vali havijabadilishwa kwa vya chuma kigumu, hulika polepole. Kichwa cha alumini cha Jaguar au cha 504 tayari kina viti vilivyopachikwa, hivyo wasiwasi wake hapo ni mdogo. Mwulize muuzaji: kichwa kilifunguliwa? Viti vilibadilishwa? Stakabadhi iko wapi? Jibu la "fundi anajua" si jibu.

Odometa ya gari la maiti huonyesha kilomita chache, na muuzaji atakuonyesha kwa fahari. Usiifurahie haraka. Gari lililotembea mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu, kutoka kanisani hadi makaburi ya Mbaraki, limefanya kazi ngumu. Upepo haukupita kwenye rejeta, kaboni ilijikusanya kwenye silinda, na kama lina dainamo badala ya oltaneta, betri haikuwa ikijaa kwa mzunguko mdogo wa injini. Ndani ya joto la Februari Mombasa, hali hiyo huchosha gaskiti ya kichwa kuliko safari ndefu.

Na Kenya ina safari ndefu za kweli. Mwili wa mwanasiasa Tom Mboya, aliyeuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969, ulisafirishwa kwa barabara kupita Bonde la Ufa na Nyanza hadi kisiwa cha Rusinga. Mzozo wa maziko ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki tarehe 20 Desemba 1986 na kuzikwa Nyalgunga, Siaya, tarehe 23 Mei 1987 baada ya kesi ndefu, uliwaonyesha Wakenya wote jinsi ardhi ya kuzaliwa ilivyo na uzito. Watu wa bara wanaofariki Mombasa bado hurudishwa nyumbani, gari likiwa limefungwa kitambaa chekundu. Kutoka usawa wa bahari hadi Nairobi ni takriban kilomita 480 na mwinuko unaopita mita 1,600. Ukielekea magharibi, Timboroa iko juu ya mita 2,700. Kabureta iliyopimwa vizuri Ganjoni huko juu humimina petroli nyingi mno kwa hewa iliyopungua, na gari hukohoa na kutoa moshi mweusi. Anayetaka kulirudisha kazini lazima afikirie hilo.

Kwa Waislamu wa Mji wa Kale mambo ni tofauti kabisa. Maiti husitiriwa kwa sanda, hulazwa kwenye jeneza la msikiti, na wanaume hupokezana begani mpaka makaburini. Jeneza hurudi msikitini likingoja mwingine. Vichochoro vingi havipitishi gari refu kwa vyovyote. Penye umbali hutumika gari, lakini kinachohitajika ni sakafu iliyonyooka na nafasi ya watu kukaa karibu na maiti wao. Zile roli za nikeli na vizuizi vya kushika sanduku havina kazi hapo. Anayenunua gari kwa nia ya kuwatumikia majirani wote wa kisiwa ajue hilo mapema, na asing'oe sakafu ya zamani ovyo. Sakafu ile na roli zake ndizo zinazolifanya liwe gari la maiti la zamani na si pikapu ndefu. Imepitisha baba na mama za watu. Inastahili kusafishwa kwa mikono yenye heshima, kwa glavu na dawa, kisha kurudishwa mahali pake.

Karatasi zinahitaji subira zaidi kuliko chuma. Namba za Kenya zilibadilika mwaka 1989, zilipoanza KAA 001A. Gari la kabla ya hapo huwa na herufi tatu na tarakimu bila herufi ya mwisho. Ukiona gari la 1966 lenye herufi ya mwisho, si lazima pawe na udanganyifu, lakini patakuwa na historia ya kuelezwa. Linganisha namba ya chasisi na ya injini, kwa macho yako, na rekodi utakayoitoa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia eCitizen. Injini ikiwa imebadilishwa, au rangi, mabadiliko hayo yapaswa kuwa yamesajiliwa.

Kisha uliza ni la nani. Magari haya mara nyingi yalikuwa mali ya kanisa, chama cha kufaana au kampuni. Kwa kampuni, dai CR12 inayoonyesha wakurugenzi na idhini yao ya kuuza. Kwa chama, dai kumbukumbu za kikao. Na kama mwenyewe amefariki, hali ambayo si nadra kwa gari la umri huo, mtoto aliyeshika funguo hana haki ya kuliuza mpaka mahakama imtambue msimamizi wa mirathi. Kwa familia ya Kiislamu shauri hilo laweza kupelekwa kwa Kadhi. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Mirathi kinafanya kuingilia mali ya marehemu bila idhini kuwa kosa la jinai. Hakuna bei nafuu inayofaa kukuingiza humo.

Baada ya hapo fungua maboksi. Kila gari lililotengenezwa nusu lina maboksi: vitasa, fremu za taa, mikanda ya kromu, skrubu. Panga kila kitu chini, upande wa kulia na wa kushoto, na uhesabu kinachokosekana. Mlango unaweza kunyooshwa, injini inaweza kufumuliwa, lakini kitasa kimoja cha bodi iliyojengwa kwa mkono kinaweza kukutafutisha miaka. Bei ya haki hutoka kwenye orodha ya kazi na vitu vilivyobaki. Alichokwisha kutumia muuzaji ni hasara yake au fahari yake, si deni lako. Picha zilizopigwa kabla ya praima kupakwa zina thamani kuliko maneno yake yote; akikosa hata moja, chukulia kwamba kila panapong'aa pamejazwa puti.

Fika asubuhi bila kutangaza saa, na uguse injini kabla haijawashwa. Ikiwa ya moto, rudi kesho. Ikiwa baridi, iwashe, kisha uiendeshe gia ya kwanza kwa nusu saa kuzunguka Ganjoni, mwendo wa msafara, jicho kwenye kipimo cha joto. Simama, rudisha nyuma, washa taa zote, acha injini ingurume taratibu kwa dakika kumi, kisha angalia chini kama kuna tone.