MBWA ALAYE ASISHIBE

Wahenga walinena kuwa mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Nadhani hawakumwona mbwa aliyejaa tumbo na bado njaa inamwua. Mbwa wa namna hiyo yupo, na ningependa kumweleza katika jarida letu la chama kwa sababu huku kwetu Migori, na hata kule Homa Bay, watu wakimwona humtupia mawe tu. Wengine humtilia sumu.

Utamtambuaje? Anakula sufuria nzima ya ugali na kulamba ukoko. Anaiba omena iliyoanikwa juani. Hata kinyesi chake mwenyewe anakila (niwie radhi msomaji, lakini hiyo pia ni dalili). Na pamoja na ulaji huo wote, amekonda akakondeana kama ng'onda, mbavu unazihesabu ukiwa ng'ambo ya barabara. Choo chake ni kingi kupita kiasi, chororo, cha rangi ya kijivu ama manjano, kinang'aa mafuta na kinanuka si mchezo. Tumbo linanguruma. Manyoya yamekauka kama nyasi za Januari.

Kijijini maelezo huwa mawili. Wa kwanza watasema ni minyoo. Wa pili watasema mbwa ametazamwa akila na mtu mwenye sihoho. Juu ya sihoho sina la kusema. Juu ya minyoo, hao wa kwanza mara nyingi wana haki, na ndiyo maana lazima mbwa apewe dawa ya minyoo kwanza kabla hujaanza kufikiria makubwa. Kuna pia magonjwa ya kupe, na kwa wenzetu wa upande wa Bonde la Lambwe, ambalo tangu zamani linajulikana kwa mbung'o, kuna nagana, ambayo humshika mbwa kama inavyomshika ng'ombe. Lakini mbwa wa nagana hupata homa, hukataa chakula, na pengine macho yake huingia ukungu. Huyu wetu hakatai chakula hata kidogo. Hapo ndipo tofauti ilipo.

Shida yake iko kwenye kongosho. Hiki ni kiungo chenye rangi ya waridi iliyofifia, kimelala pale utumbo mwembamba unapoanza, karibu na ini. Kina kazi mbili. Moja ni kutoa insulini, ambayo inatawala sukari katika damu. Ya pili ni kumwaga ndani ya utumbo maji yenye vimeng'enya vya kuvunja wanga, protini na mafuta. Mambo haya tuliyasoma katika biolojia Kidato cha Kwanza, kwa Kiingereza, na wengi wetu tuliyakariri tu kwa ajili ya mtihani. Lakini mfikirie mbwa ambaye hiyo kazi ya pili imekufa. Utumbo wake ni kama poshomili iliyokatika mkanda: mahindi yanaingia juu, yanatoka chini yakiwa bado mahindi. Hata umpe gorogoro zima la unga uliopikwa, mwili haupati kitu.

Jambo la kuogofya ni kwamba kongosho lina akiba kubwa sana. Mbwa haonyeshi dalili mpaka karibu asilimia 90 ya uwezo wa kutoa vimeng'enya iwe imepotea. Kwa hivyo siku unayogundua, ugonjwa si wa jana. Mbwa wanaopatwa zaidi ni wale wa jamii ya German Shepherd, ambao sisi huwaita mbwa wa polisi. Kwao ni jambo la ukoo, na aghalabu huwashika wakiwa bado vijana.

Na kabla sijasahau, hao mbwa wana historia na kongosho kuliko unavyodhani. Mwaka 1889 madaktari wawili, Minkowski na von Mering, walimtoa mbwa kongosho lote wakaona amepata kisukari. Mwaka 1921 kule Toronto, Kanada, Banting na Best walitoa insulini katika kongosho za mbwa, na Januari 1922 mvulana wa miaka 14 akadungwa dawa hiyo. Watu wenye kisukari katika vijiji vyetu wanaishi kwa sababu ya kazi iliyofanywa kwa mbwa. Sasa wewe unamrushia jiwe!

Turudi kwa ugonjwa. Jirani yetu, fundi wa magari, ana mbwa chotara wa aina hiyo anayelinda gereji usiku. Mbwa alikonda mpaka akawa kilo 19, na kwa umbo lake alistahili kama kilo 27. Watu walikuwa wamekwisha kumshauri fundi amuue, ati anamaliza unga bure. Daktari wa mifugo alikuja, akapima kinyesi, akatoa dawa ya minyoo. Wiki mbili zikapita, wapi! Ndipo daktari akaeleza kuwa kuna kipimo cha damu kiitwacho TLI, mbwa akiwa hajala kwa saa nane hadi kumi na mbili, na kama kiwango ni chini ya 2.5 basi kongosho limekufa. Akasema kipimo hicho hakifanywi hapa kwetu na gharama yake fundi hangeiweza. Wakakubaliana wajaribu kumtibu tu na kumchunguza kwa mizani.

Dawa yenyewe Ulaya na Marekani huuzwa ikiwa unga, uliotengenezwa kwa kongosho la nguruwe. Bei yake usiulize. Lakini jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kongosho bichi la ng'ombe hufanya kazi hiyo hiyo, na kwenye machinjio mara nyingi hutupwa pamoja na uchafu wa tumbo! Kiasi ni gramu 90 hadi 120 kwa kila mlo kwa mbwa wa kilo 20. Linakatwakatwa vipande vidogo na kuchanganywa na chakula. Mjomba wangu ni mchinjaji, na mwanzoni alituangalia kama vichaa tulipoliomba. Ukienda kuliomba, usikubali kupewa bandama. Bandama ni jeusi-jekundu na laini, nalo halina msaada hapa. Kongosho lina uvimbe-uvimbe kama punje zilizoshikana.

Sharti kubwa ni moja: lisipikwe. Moto huua vimeng'enya vyote. Tena usilichanganye na ugali unaotoka moshi. Acha ugali upoe mpaka uweze kuushika vizuri kwa mkono, ndipo uchanganye. Nimewaona watu wakifanya kazi yote ya kutafuta kongosho, halafu wanalitia kwenye sufuria inayochemka, basi wamempa mbwa nyama ya kawaida tu. Baridi nayo hailidhuru, waweza kuligandisha likakaa miezi. Nyumba nyingi hazina friji, hiyo najua. Fundi alimwomba mama mmoja anayeuza samaki na mwenye friji ya barafu amwekee. Mifuko ya nailoni ilipigwa marufuku mwaka 2017, kwa hivyo alitumia mikebe midogo ya siagi, kila mkebe mlo mmoja.

Onyo moja kabla sijaendelea. Mtu akisikia kongosho bichi ni dawa, ataanza kumpa mbwa mapafu na maini mabichi pia. La hasha! Humo ndimo hukaa malengelenge ya tegu la mbwa, na mbwa akila, mayai ya tegu hutoka kwenye choo chake na kumwingia mtoto anayecheza naye. Kule Turkana ugonjwa huo umewapeleka watu wengi kupasuliwa. Kongosho lenyewe likaguliwe, na likiwa na lengelenge lolote litupwe kwenye choo cha shimo. Mbwa apewe pia dawa ya tegu iitwayo prazikwanteli kama daktari atakavyopanga. Na anayekatakata anawe mikono kwa sabuni.

Sasa lishe. Hapa ndipo watu wa kwetu tunapotatizika, maana chakula chetu kizuri kwa binadamu si kizuri kwa mbwa huyu. Ugali wa mtama na muhogo una makapi mengi, na makapi huvizuia vimeng'enya kufanya kazi. Hali kadhalika sukuma wiki na maharagwe. Mpe ugali laini wa unga mweupe uliokobolewa, upikwe kwa muda mrefu kuliko wa kawaida, ama wali uliolainika. Protini tunayo tele: omena iliyooshwa mchanga ikachemshwa, mayai, na mgongo wazi wa mbuta kutoka ufuoni, ambao unachemshwa halafu unachambuliwa mifupa yote. Kuhusu mafuta, zamani madaktari walikuwa wakiyakataza kabisa. Siku hizi hawasisitizi hivyo, kwa sababu mafuta ndiyo yanayorudisha uzito haraka. Anza na kidogo, utazame choo. Kikiwa kibaya, punguza.

Kiasi je? Mbwa wa kilo 20 anahitaji kalori kama 1,060 kwa siku. Aliyekonda huongezwa moja ya tano, zikawa kama 1,270. Unga gramu 100 una kalori kama 350, kwa hivyo unga robo kilo, mayai mawili na samaki wa kutosha vinakaribia hapo. Chakula hicho kinagawanywa mara mbili au tatu kwa siku, na kila mlo na kongosho lake. Mfupa unaotupwa na mtoto saa nane mchana, bila kongosho, unatosha kumharisha. Huyu si mbwa wa kuzurura sokoni. Fundi alimjengea banda, na kwa maoni yangu hilo banda lilisaidia nusu ya kazi.

Mwezi wa kwanza choo kilipata umbo na uzito ukapanda, kisha ukakwama kwenye kilo 20 na nusu. Daktari akasema ni vitamini B12. Mbwa hutegemea kongosho hata kuweza kuifyonza vitamini hiyo, kwa hivyo chakula peke yake hakimtoshi. Alidungwa sindano mara moja kwa wiki kwa wiki sita. Kila Jumamosi fundi alimbeba mikononi na kupanda juu ya mizani ya magunia kwenye duka la nafaka, kisha akapima uzito wake mwenyewe na kuutoa. Wenye mahindi walicheka mpaka wakazoea, mwishowe wakawa wanauliza wao wenyewe: "Leo amefika ngapi?" Wiki ya kumi alikuwa kilo 24.

Asiye na mizani apapase mbavu. Madaktari hutumia daraja 1 hadi 9: moja ni mifupa mitupu, tisa ni mnene kama pipa, na panapotakiwa ni 4 au 5, yaani mbavu hazionekani sana lakini ukigusa unazipata mara moja. Akifika hapo ile moja ya tano inaondolewa.

Kuna mwenzetu darasani aliyeniuliza, mbwa ale mayai na nyumba ngapi watoto hawali? Swali ni la haki. Jibu la fundi lilikuwa kwamba gereji imewahi kuvunjwa mara mbili kabla ya mbwa huyo na haijavunjwa tena, na kwamba mayai mawili ni bei nafuu kuliko betri ya gari. Mimi naongeza tu kwamba kongosho lilikuwa likitupwa. Siku hizi halitupwi: mjomba ameona kuna mteja, ameanza kuomba shilingi ishirini. Na kwa kuwa ugonjwa huu hauponi, mbwa atakula hivyo maisha yake yote, fundi ameshamfunza kijana wake wa mkono kukata na kupima ili awe anamlisha yeye anaposafiri.