Programu kwa Bando la Siku

Kahama, Katoro na Geita ni miji iliyochangamshwa na dhahabu, na palipo na fedha hapakosi kompyuta: dukani, stationery, ofisini. Ikiharibika, anaitwa fundi wa kupiga Windows. Anakuja na flashi yenye kila kitu, kuanzia programu ya kuandikia barua hadi ya kuhariri picha. Mara nyingine na virusi vimo humo humo.

Watumiaji wa Linux, mfumo mbadala wa Windows, hawaihitaji flashi hiyo. Hufungua dirisha la amri na kuandika mstari mmoja, tuseme sudo apt-get install vlc, kupata VLC ya kuchezea video. Kazi inayobaki ni ya APT, kidhibiti programu kilichoingia kwenye mfumo wa Debian mwaka 1999 na ambacho Ubuntu nayo inakitumia. APT huenda kwenye ghala la mtandaoni, huitafuta programu pamoja na vipande vyote inavyovitegemea, na huhakiki sahihi ya kidijitali ili bidhaa iliyochezewa isipite.

Uzuri wake uko hapa: kabla ya kushusha VLC na vipande vyake, hutaja MB zitakazoliwa, kisha huuliza Y au n (ndiyo au hapana). Kwa anayenunua bando la siku, hiyo ni heshima ambayo programu nyingi za kisasa hazina.

Kuna kilicho chepesi zaidi. Mfumo wa Alpine, ulioanzishwa na Natanael Copa, una kidhibiti kiitwacho apk, na toleo lake dogo la kwenye seva lina takribani MB 5, karibu sawa na wimbo mmoja wa Bongo Fleva. Asiye na kompyuta naye ana Termux, programu inayompa dirisha la amri kwenye simu ya Android. Akiandika pkg install python, anaanza kujifunza kuandika programu.

Shule yenye kompyuta kadhaa na bando moja haina haja ya kushusha mara mbili. Amri ya apt-get ikiongezewa --download-only hushusha bila kusakinisha, na mafaili hukaa kwenye /var/cache/apt/archives. Yanakiliwa kwenye flashi, yanapelekwa kwenye kompyuta nyingine zenye toleo lile lile la mfumo, kisha yanasakinishwa kwa amri ya dpkg -i bila intaneti.

Anayeanza asikimbilie kubonyeza Y. Asome kwanza orodha ya programu zitakazoondolewa, ikiwapo, maana akikubali, zinaondolewa kweli.