Mgonjwa asiyesikia jina lake likiitwa

Tumchukue mama kiziwi anayetoka Mkolani alfajiri kwenda zahanati. Anajiandikisha, anakaa kwenye benchi. Jina lake laitwa mlangoni mara mbili, haliitikiwi, anaitwa mwingine. Adhuhuri yamkuta pale pale, akiwatazama waliokuja baada yake wakitoka na bahasha za dawa.

Ndiyo sababu wengi huenda na mtoto, na hapo ndipo panapotuuma. Binti wa miaka 12 anakosa masomo ili amweleze tabibu habari za hedhi ya mamaye, au za mimba iliyoharibika, mambo ambayo hata shoga wa mama hajayasikia. Mama huficha nusu kwa kumstahi mwanawe, na binti hufupisha nusu iliyobaki kwa haya. Tabibu anabaki kutibu robo ya ugonjwa. Stara iliyohimizwa na dini yetu imevunjwa, na tiba nayo haikupatikana.

Wapo wanaodhani kalamu na karatasi zinatosha. Zinamfaa aliyesoma, lakini shule ya viziwi ya Tabora, iliyotangulia zote nchini, ilianza 1963, ya Buguruni ikafuata 1974, na wengi wamekulia mbali na shule hizo. Isitoshe, Lugha ya Alama ya Tanzania ina sarufi yake. Si Kiswahili kilichohamishiwa mikononi. Anayesoma midomo naye hupotea pale daktari anapovaa barakoa, au anapouliza huku akiinamia kadi.

Kiziwi aweza kutikisa kichwa kwa adabu tu. Basi asiulizwe kama ameelewa. Aombwe aoneshe atakavyomeza dawa. Bahasha iliyoandikwa “1 x 3” inaweza kumfanya mtu ameze vidonge vitatu kwa pamoja! Heri aoneshwe alfajiri, adhuhuri na isha, nyakati ambazo Muislamu anazijua hata asiposikia adhana.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imezitaja haki zao za afya na mawasiliano. Nasi Waislamu tuna la zaidi. Majalla, sheria za madai za dola ya Uthmaniya zilizokusanywa kwa fikihi ya Kihanafi katika karne ya 19, zilikubali kuwa ishara ya bubu inayofahamika ni sawa na kauli ya ulimi. Ikiwa ishara yake yatosha kuuza shamba, vipi isitoshe kueleza homa?

Wasilaumiwe matabibu peke yao. Zipo nyumba ambamo mume ameishi na mkewe kiziwi miaka mingi, naye ajua alama za chakula, maji na njoo tu. Mume wa namna hiyo hawezi kumkalimania mkewe hata akienda naye. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kina watu wa kufundisha lugha hii. Msikiti ukitoa chumba cha madrasa baada ya isha, jioni mbili kwa wiki, waume na wauguzi wa Mkolani wanaweza kuketi darasa moja.